Mama Kiraka na Bibi Asiyelala

Mgeni alikuwa bado ana usingizi wa safari machoni wakati basi lilipopita mbele ya lango la kampuni ya maji, na hapo ndipo alipoliona bango. Lilikuwa la bati, refu kuliko mtu, limeandikwa kwa rangi ya bluu: MASHINE YETU HAIJALALA KWA SIKU, halafu vikafuata vibao vya tarakimu vilivyoning'inizwa kwenye misumari, kama vile vya bei ya petroli. Mwanamume mwenye tai alikuwa amepanda juu ya kiti akibadilisha kibao cha mwisho, huku mlinzi akimshikia kiti kisiyumbe.

Mgeni huyu, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuzurura katika miji ya watu na kuandika habari zake, alishasoma mabango ya kila aina katika lugha kadhaa: ya kukataza watu wasikojoe ukutani, ya kusifu marehemu, ya kuuza dawa ya kila ugonjwa. Hili lilimshinda. Kutolala ni sifa, au ndio ugonjwa wenyewe?

Nyumba aliyoipanga kwa mwezi mmoja ilikuwa mtaa wa pili kutoka stendi. Alitarajia kuikuta tupu, ufunguo ukiwa kwa jirani. Badala yake alipopiga hodi mlango ulifunguliwa na mama wa makamo, mfupi, amevaa miwani miwili, mmoja puani na mwingine utosini, na yote miwili ilionekana iko kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mdogo wangu. Pita, pita, ila usinicheke. Mimi nilipaswa niwe nimeondoka tangu jana."

Sanduku lake lilikuwa pale mlangoni, limefungwa kamba, na juu yake blanketi dogo la mtoto, la manjano, limekunjwa vizuri.

Akamtembeza nyumba mbio mbio, kama mtu anayeuza kitu chenye kasoro. Jiko hili hapa. Bomba hilo lifungue taratibu, lina hasira. Mlango wa nyuma, komeo lake lilikufa zamani, kwa hiyo umefungwa kwa waya wa kompyuta uliozungushwa kwenye msumari. "Usiuguse huo. Unafanya kazi." Mgeni alipofungua kabati kutafuta vikombe vya chai, aliona komeo jipya kabisa, bado liko ndani ya pakiti yake, limelala juu ya sahani limeota vumbi. Alitaka kuuliza, lakini simu ikalia.

Alikuwa binti wa mwenye nyumba, kutoka mji ulio mbali kwa mwendo wa nusu siku, na sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakukuwa na haja ya kutegesha sikio.

"Mama, uko njiani?"

"Niko... karibu na njia."

"Mama! Daktari anasema ni leo au kesho. Uliniahidi nikijifungua utakuwepo. Mtoto hasubiri mashine!"

"Mwambie avute subira kidogo. Kwao ni watu wa subira."

"Kwao ni kwenu, mama," binti akasema, na simu ikakatika.

Mama mwenye nyumba akaitazama simu, akalitazama sanduku, akamtazama mgeni. "Basi la mwisho la kwenda kule ni saa nane mchana," alisema. "Twende wote kazini. Ufunguo nitakukabidhi nikimaliza, na mji utauona tukiwa njiani."

Jina lake kazini lilikuwa Mama Kiraka, na tangu walipotoka nje mpaka wanafika langoni hakuna aliyemwita vingine. Muuza magazeti alimwita hivyo, fundi viatu alimwita hivyo, hata mtoto mmoja aliyekuwa anachelewa shule. Alikuwa fundi wa kompyuta wa kampuni ya maji, peke yake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuziba matundu ambayo watu wengine, mbali huko, waliyagundua.

Njiani akamweleza mgeni, kwa kuwa mgeni aliuliza, na kwa kuwa Mama Kiraka hakuwa mtu wa kungoja kuulizwa mara mbili.

"Kompyuta yoyote ina kiini. Programu nyingine zote ni wapangaji. Mpangaji akitaka nafasi, akitaka kuandika kitu, akitaka kugusa waya wa pampu, lazima amwombe kiini. Kiini ndiye mwenye nyumba. Sasa wiki iliyopita imetangazwa dunia nzima kwamba kiini cha aina yetu kina tundu. Mpangaji yeyote, hata yule wa chumba cha uani, akiomba kwa namna fulani ya ajabu, kiini kinababaika, kinamkabidhi nyumba nzima."

"Na kiraka hakijatoka?"

"Kimetoka siku hiyo hiyo, na mimi nimekiweka siku hiyo hiyo."

"Basi tatizo liko wapi?"

Mama Kiraka akasimama katikati ya barabara. Mwenye baiskeli akampigia kengele, akamkwepa huku akiguna.

"Mdogo wangu, ukimshonea mtu suruali mpya ukaiweka kabatini, ile iliyotoboka bado iko mwilini. Kiini kipya kiko ndani ya diski, kinapumzika. Kinachofanya kazi ni kile cha zamani, kilichopanda siku mashine ilipowashwa. Kuvibadilisha, lazima mashine izimwe na kuwashwa upya. Huwezi kumvua suruali mtu anayekimbia. Wapo mafundi wanaoweza kumshonea akiwa anakimbia, lakini Bibi yetu ni mzee mno kwa mchezo huo."

Bibi alikuwa ndiye ile mashine, iliyoongoza pampu za mji mzima pamoja na hesabu za wateja. Na Bibi, kama bango lilivyosema, hakuwa amelala kwa miaka. Kumbe viraka vyote vya miaka hiyo, kimoja baada ya kingine, Mama Kiraka alivishona kwa uaminifu na kuviweka kabatini. Bibi hakuwahi kuvaa hata kimoja.

"Na hukuliona hilo?"

"Nililiona. Lakini nani alianzisha bango?" Mama Kiraka akaanza tena kutembea, kwa haraka zaidi. "Mwaka ule wa kwanza niliandika kikaratasi cha utani nikakibandika mlangoni: Bibi hajasinzia mwaka mzima, mpeni keki. Mkurugenzi alikuwa mgeni kazini, akapenda. Akanunua keki kweli. Mwaka uliofuata likaja bango. Sasa utani wangu una misumari yake, una rangi yake, na Jumatatu wakaguzi wanakuja kuupa kombe."

Mkurugenzi, yule wa tai na kiti, aliwapokea kwenye korido kabla hawajafika ofisini. Alijua wanachokuja kusema.

"Hapana, Mama Kiraka. Mpaka Jumatatu. Kombe likishapita, mlaze hata mwezi mzima."

"Jumatatu mimi nitakuwa nimepata mjukuu bila kumwona, na wewe utakuwa umepata mwenye nyumba mpya. Hata vijana wasio na kazi wanajua hilo tundu, mkuu."

"Nani atahangaika kutoboa kampuni ya maji ya mji kama huu?"

"Mtu mwenye kiu ya sifa."

Mkurugenzi hakuwa mjinga, na mgeni aliligundua hilo upesi. Mara ya mwisho Bibi alipozimwa, aliwaambia, pampu moja iligoma kufunga, tangi likafurika, na yeye mwenyewe, akiwa ndio kwanza ameajiriwa, alipitisha mchana kutwa akichota maji sokoni kwa ndoo huku wauza vitunguu wakimtukana kwa ufasaha. "Mashine inayofanya kazi haiguswi," alisema. "Hiyo sijaisoma kitabuni. Nimeisoma kwenye soksi zangu."

"Basi tuwekeane dau," akasema Mama Kiraka.

Hapo uso wa mkurugenzi ulibadilika. Wafanyakazi wote walijua udhaifu wake: angeweza kubishana na mtu kuhusu mvua itanyesha upande gani wa barabara. "Dau gani?"

"Kule mapokezi kuna ile kompyuta ya wateja, ya kuangalia bili. Inaingia kwa Bibi kwa jina la mgeni, haina ruhusa ya kugusa chochote. Mtu asiyejua lolote akiketi pale akafanikiwa kukalia kiti chako, Bibi analala leo. Akishindwa, nafungua sanduku langu, nabaki mpaka Jumatatu, napiga picha na kombe nikicheka."

Mgeni alimtazama. Alikuwa anaweka kuzaliwa kwa mjukuu wake wa kwanza juu ya meza, kama mtu anayeweka kofia.

"Asiyejua lolote?" mkurugenzi aliuliza. "Si wewe. Wewe ungeingia hata kwa kijiko."

"Chagua mwenyewe."

Mkurugenzi akatazama huku na huku, macho yakatua kwa mgeni aliyekuwa anajaribu kufungua chupa ya maji kwa kuzungusha kifuniko upande usio wenyewe. "Huyu," alisema kwa furaha. "Dada, unajua kompyuta?"

"Najua kuiwasha," mgeni alisema kwa uaminifu.

"Anatosha!"

Mapokezi palikuwa pamejaa. Foleni ya wateja ilijipinda mpaka mlangoni, na makarani walikuwa nyuma ya vioo vyao, wamevaa zile sura za watu wanaosubiri saa ya chakula. Mgeni akaketishwa kwenye kompyuta ya wateja. Mkurugenzi akasimama nyuma yake, mikono kifuani, kama refa.

"Kwanza muulize Bibi wewe ni nani," Mama Kiraka alimwelekeza, akamwonyesha cha kuandika.

Mgeni akaandika. Bibi akajibu: mgeni.

"Hata mimi najua," mkurugenzi alisema.

"Sasa andika neno moja: fungua. Ni kijiprogramu cha kujaribia, kimetangazwa pamoja na tundu lenyewe. Kila mtu duniani anacho."

Mgeni akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza. Skrini ikatulia kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Muulize tena."

Mgeni akauliza tena yeye ni nani. Safari hii Bibi akajibu: mkuu.

Mkurugenzi akainama mpaka tai yake ikagusa kibodi. "Mkuu wa nini?"

"Wa kila kitu," alisema Mama Kiraka. "Pampu, bili, mishahara, matangazo. Haya, mkuu mpya, toa amri. Ndogo tu, usituzamishe."

Mgeni alifikiri. Maishani mwake hakuwahi kupewa madaraka yoyote, na akaona si vizuri kuyaacha yapoe. Mama Kiraka alimfungulia mahali pa matangazo ya ofisi, yale yanayotokea kwenye kompyuta zote kwa jina la mkurugenzi, na akageuka pembeni kusafisha miwani ya utosini kwa umakini mkubwa. Mgeni akaandika: Leo kazi inaishia sasa hivi. Nendeni mkapumzike. Asanteni. Mkurugenzi.

Wanaosema wafanyakazi wa ofisi ni wazito hawajawahi kuwaona wakiruhusiwa kuondoka. Kiti kimoja kilisogea, kikafuata cha pili, halafu korido nzima ikawa na mlio wa mikoba. Karani wa kwanza alipita mbele ya mkurugenzi akisema, "Mungu akubariki, mzee," bila kupunguza mwendo. Wa pili alikuwa tayari amevua viatu vya ofisini. Dereva wa boza la maji alirusha funguo kwenye meza ya mlinzi, na mlinzi akazitazama kwa wivu.

"Rudini!" mkurugenzi alipiga kelele. "Si mimi!"

"Limesainiwa na wewe, bosi!" sauti ikajibu kutoka nje.

Mteja mmoja mwenye kapu akagonga kioo kilichobaki hakina mtu. "Na sisi je? Na sisi tukapumzike?"

"Rudi kesho, mama yangu," Mama Kiraka alimwambia kwa upole. Kisha akamgeukia mkurugenzi. "Ulikuwa unaniambia siku zote kwamba Bibi hawezi kuzimwa kwa sababu watu wanafanya kazi. Sasa nani anafanya kazi?"

Mkurugenzi akaitazama ofisi yake tupu. Feni ilizunguka peke yake juu ya meza za watu wasiokuwepo. Mgeni aliogopa kidogo, akiwaza kwamba labda amezidisha. Lakini yule mtu wa madau akapumua kwa nguvu, akalegeza tai.

"Dau ni dau," alisema. "Ila namzima mimi mwenyewe. Akifa, afe mikononi mwangu."

Chumba cha Bibi kilikuwa mwisho wa korido, kidogo, chenye joto la tanuri kwa sababu kipoza hewa kilikuwa kinafanya kazi nusu. Mlango wake uliachwa wazi daima, umezuiwa na kipande cha plastiki kilichojaa vumbi sakafuni, na mgeni akajikwaa juu yake akiingia. Bibi alikuwa kabati la chuma lenye taa za kijani, akinguruma kama paka aliyeshiba.

Mama Kiraka akampigia simu fundi wa pampu. "Ziweke kwa mkono. Tunamlaza Bibi."

"Mnamlaza?" fundi aliuliza. "Kweli kweli? Ngoja nivae buti."

Mkurugenzi akatoa amri. Taa zikazimika moja baada ya nyingine, na ule mngurumo, ambao ofisi nzima ilishausahau kwa kuuzoea, ukakatika. Kisha mashine ikalia mlio mmoja mfupi, ikaanza kunguruma tena, taa moja ikawaka, halafu basi. Hakuna kilichoendelea.

"Amekufa," mkurugenzi alisema.

"Hajafa."

"Mama Kiraka, wauza vitunguu wale bado wanaijua sura yangu!"

Simu ikaita, fundi wa pampu tena. "Mikono yangu si ya chuma, jamani!"

Mama Kiraka alikuwa ameshaburuta skrini ya zamani kutoka kona na kuichomeka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mgeni alimwona jasho likimtiririka kwenye mashavu, na macho yake yakaenda mara moja kwenye saa ya ukutani. Saa saba ilikuwa imepita. Skrini ikawaka polepole, ikaandika maneno machache. Betri ya saa ya ndani ilikuwa imekwisha nguvu zamani, na Bibi hakujua tena leo ni lini. Alikuwa anataka tu mtu athibitishe: bonyeza kitufe chochote kuendelea.

"Basi bonyeza!" mkurugenzi alisema.

"Kwa kibodi ipi?"

Bibi hakuwa na kibodi. Mtu asiyelala hahitaji kuamshwa, na zile za ofisini zilikuwa na plagi bapa za kisasa, zisizoingia kwenye tundu lake la duara. Mama Kiraka akafungua droo, akafungua kasha, akafungua nyingine. Mkurugenzi akatoka mbio, akarudi na kibodi tatu kifuani, zote bapa. Walikuwa wanaanza kurushiana maneno, kila mmoja akitaja nani alitupa nini mwaka gani, mgeni aliposema, kwa sauti ya mtu asiye na uhakika:

"Kile nilichojikwaa hapo mlangoni si kibodi?"

Wote wawili wakatazama chini. Chini ya vumbi, alama za viatu na kitu kilichofanana na sukari iliyoganda, kulikuwa na herufi. Ilikuwa kibodi ya Bibi mwenyewe, iliyozuia mlango kwa miaka yote ile ili asipatwe na joto, na waya wake uliishia kwenye plagi ya duara. Mama Kiraka akaifuta kwa upindo wa kanga, akaichomeka, akamsogezea mkurugenzi.

Mkurugenzi akabonyeza. Kitufe kilinata, akakibonyeza tena kwa ngumi.

Maandishi yakaanza kumiminika. Taa zikawaka, kijani, kijani, kijani. Fundi wa pampu akapiga simu kusema kwamba pampu zimeshika zenyewe, na kwamba anavua buti.

"Nenda kaketi kule mapokezi," Mama Kiraka alimwambia mgeni. "Jaribu tena."

Mgeni akaenda, akaandika fungua. Bibi akajibu: huna ruhusa. Akamuuliza yeye ni nani. Bibi akajibu: mgeni. Alirudi kutoa habari hiyo akiwa na majonzi madogo, kama mfalme aliyetawala kwa asubuhi moja tu.

Mama Kiraka hakuisikia yote, kwa sababu simu ilikuwa sikioni. Alikuwa mkwewe, na alisema maneno matatu tu: chupa imepasuka, mama.

"Sanduku!" alisema Mama Kiraka.

"Basi la saa nane," mgeni alisema.

"Gari la ofisi," mkurugenzi alisema, halafu akakumbuka. Dereva wa gari la ofisi alikuwa likizo. Madereva wote walikuwa likizo. Kilichobaki uani kilikuwa boza la maji, na funguo zake juu ya meza ya mlinzi.

Ndiyo maana mtaa mzima wa nyuma ya stendi ulitoka nje kushuhudia boza likisimama mbele ya nyumba ya Mama Kiraka, mkurugenzi mwenye tai akiwa kwenye usukani, anapiga honi bila kukusudia. Njiani, langoni, alikuwa amelisimamisha kwa muda mfupi tu. Alishuka, akang'oa vibao vyote kwenye misumari, akaacha sifuri moja.

"Wakaguzi nitawaambia nini?" aliuliza wakati sanduku likipandishwa.

"Waambie amelala na ameamka. Na badala ya kombe lao, mpeni Bibi keki."

"Bibi ametimiza siku ya kwanza," mkurugenzi alisema polepole, na mgeni aliona dau jipya likizaliwa usoni mwake. "Unadhani atafika mwaka?"

"Akifika mwaka bila kulala nakuja kulichoma bango kwa mkono wangu. Endesha!"

Mama Kiraka akapanda, blanketi la manjano mapajani, miwani yote miwili puani sasa. Akamrushia mgeni funguo za nyumba kupitia dirishani. Zikaanguka kwenye mchanga, mgeni akaziinamia.

"Maji ya bomba, taratibu!" aliita. "Jirani wa kulia akiomba sukari, mpe, wa kushoto, mwambie imekwisha! Na ule mlango wa nyuma usiuguse, unasikia? Waya unafanya kazi!"

Mgeni akanyanyuka na funguo mkononi. "Mama! Na lile komeo jipya kabatini, ni la nini?"

Boza lilikuwa limeshaanza kujivuta, likidondosha maji barabarani. Mama Kiraka akatoa kichwa dirishani, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Nini? Sikusikii!"

"Komeo! Kabatini!"

"Sikusikii kabisa, mdogo wangu!" alijibu Mama Kiraka, akicheka mpaka miwani mmoja ukamwanguka, na boza likakata kona.